Mwatima Aalikwa Meza Kuu

Wenye watoto sogeeni karibu, na wasio nao wakae pia, kwani hata wao ni watoto wa watu. Hii ni habari ya Jamhuri ya Shelabela. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilishikwa rehani na wakopeshaji, wakaikunja, wakaondoka nayo.

Shelabela ilikuwa nchi nzuri sana. Redio ilisema hivyo kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, ikasema tena baada yake, na katikati pia kama habari zenyewe zilikuwa chache. Palikuwa na Mlezi Mkuu wa Taifa, kazi yake kulea. Palikuwa na taifa, kazi yake kulelewa. Na palikuwa na mawaziri chungu nzima wa kumsaidia Mlezi, maana kulea peke yako kunachosha, kila mama analijua hilo. Kilichopungua kidogo ni uchumi tu. Uchumi ulikuwa umeanguka, lakini ilikatazwa kusema umeanguka. Waziri mmoja aliingia redioni akaeleza vizuri:

"Ndugu wananchi, uchumi wetu haujaanguka. Umekaa chini kupumzika, kwa sababu umefanya kazi muda mrefu. Ukishapumzika utainuka wenyewe. Naomba msiusumbue."

Basi watu hawakuusumbua. Mafuta ya gari yalipokwisha, misafara ya wakubwa ikawa inasukumwa na askari. Ving'ora vilipokufa kwa kukosa betri, akatafutwa koplo mwenye mapafu ya kuaminika, akawa anakimbia mbele ya msafara akilia wiu-wiu kwa mdomo. Noti mpya zilichapwa upande mmoja, upande wa pili ukaahidiwa kwenye bajeti ijayo. Na Wizara ya Fedha, ilipoonekana haina tena cha kutunza, ikaunganishwa na Wizara ya Itifaki ili isikae bure. Ikaitwa Wizara ya Itifaki, Utambulisho na Fedha. Fedha iliwekwa mwisho isije ikawatia wageni hofu.

Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Gwandumi. Alikuwa mtu wa suti nzito hata jua likiwaka, na kipaji chake kilikuwa kimoja, nacho kikubwa: alijua vyeo vya wakubwa wote kwa mpangilio, nani atajwe kabla ya nani, na nani akitajwa mwisho atanuna mpaka mwaka mwingine. Kule Shelabela hicho hakikuwa kipaji kidogo. Hakuna jambo lililoanza kabla watu hawajatambulishana. Kikao cha dharura cha kuzuia bei zisipande kilianza asubuhi kwa utambulisho, na walipomaliza kutambulishana bei zilikuwa zimeshapanda, wakafunga kikao kwa sala.

*

Katika mtaa wa chini wa mji mkuu aliishi Bi Siwatu, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa akikaanga chapati mbele ya nyumba yake. Kadiri unga ulivyopanda bei ndivyo chapati zilivyokonda, mpaka mteja mmoja akaiinua yake juu, akasema, "Bi Siwatu, naona mtu anapita upande wa pili."

"Msalimie basi," Bi Siwatu akamjibu, "halafu ule, maana kesho utamwona mpaka vifungo vya shati."

Mwanawe huyo mmoja ni Mwatima, fundi bomba wa Shirika la Maji, binti mwenye mikono ya kufungua koki iliyoshinda wanaume watatu. Alikuwa pia Katibu wa Chama cha Wafanyakazi wa Mabomba. Bi Siwatu aliupenda ufundi, ukatibu ukamnyima raha. Kila mlango ulipogongwa alidhani ni polisi, na kila polisi alipopita bila kugonga alidhani amesahau nyumba.

Siku hizo serikali ilikuwa imeanzisha mpango mpya wa malipo, ulioitwa Mshahara wa Heshima. Mwisho wa mwezi wafanyakazi walipangwa mstari uani kwa Shirika, mkubwa akasimama kwenye ngazi, akawaita mmoja mmoja na kumsifu. Ukishasifiwa unapewa cheti chenye fremu na kioo, unapiga saluti, unakwenda zako. Ukuta wa Bi Siwatu ulijaa fremu, ungedhani anaishi brigedia. Chini ya ukuta huo masufuria yalilala kifudifudi.

"Leo wamesemaje?" Bi Siwatu alimuuliza mwanawe alipoingia na fremu nyingine kwapani.

"Wamesema mimi ni nguzo."

"Nguzo ya nini?"

"Hawakusema."

"Na unga?"

"Unga haukutajwa, mama."

Wakaiangalia ile fremu. Mwatima akasema kioo chake ni kizuri, kinafaa kufunikia chapati nzi wasitue. Ndicho kikawa kifuniko.

Mwezi uliofuata wafanyakazi wa mabomba walikataa kusifiwa. Mkubwa alisimama kwenye ngazi na fremu zake, akamwita wa kwanza, hakutoka mtu. Akamwita wa pili, naye akaangalia viatu vyake, halafu akakumbuka kuwa hana viatu. Mwatima akapanda juu ya bomba kubwa lililolala pale uani.

"Ndugu zangu," akasema, "tumesifiwa vya kutosha. Nyumbani kwangu sifa zimejaa mpaka hakuna pa kutundika kanga. Leo hatuchukui sifa. Tunataka mshahara unaoweza kuingia kwenye sufuria. Wasipotupa, tunafunga koki."

Mchana huo wakaifunga koki kubwa ipelekayo maji mtaa wa juu, kwenye nyumba za wakubwa. Ya mitaa ya chini hawakuwa na haja ya kuifunga, ilishajifunga yenyewe zamani.

*

Mtaa wa juu ulipokosa maji, ndipo kule juu walipojua kuwa nchi ina tatizo. Baraza la mawaziri likaitwa. Walipomaliza kutambulishana, Waziri wa Usalama akasimama akasema dawa ni moja tu, huyo binti akamatwe.

Waziri wa Magereza akakohoa. "Mheshimiwa Mlezi Mkuu, tunaweza kumkamata, lakini tutamlisha nini? Maharage yalishakwisha. Hata wafungwa tulionao tunawaruhusu waende kula makwao, jioni wanarudi kulala. Wengine wanatuletea makoko ya wali."

Mlezi Mkuu akasikitika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mpole aliyezoea kuamka na kukuta mambo yamekwishapangwa, na asubuhi hiyo alikuwa amenawa uso kwa soda.

Ndipo Gwandumi aliposimama. "Mheshimiwa Mlezi, itifaki imezingatiwa. Mtu anayedai ukimtia pingu anadai zaidi. Mpe kiti. Sikukuu ya Wafanyakazi imekaribia, na kila mwaka mgeni rasmi ni wewe. Mwaka huu tumwalike yeye."

"Mimi nitakaa wapi?"

"Utakaa pembeni yake, Mheshimiwa, kama mwenyeji. Wenyeji ndio wanaosoma risala. Na mheshimiwa yeyote hapa anajua risala ni nini."

Walijua. Nchi nzima ilijua. Kule Shelabela mgeni rasmi hadai kitu, anadaiwa. Akishaketi, wenyeji wanamsomea risala ya shida zao: paa linavuja, madawati hayatoshi, daraja limekwenda na mto. Naye mgeni anasimama na kujibu kwa maneno yaleyale wanayojibu wageni rasmi wote tangu nchi iumbwe: nimeyasikia, nimeyapokea, nimeyachukua, nitayafanyia kazi. Akimaliza neno la mwisho, shida zimekuwa zake. Aliyezisoma anakwenda kula pilau, roho yake nyeupe. Halafu mgeni anaanzisha changizo, na watu wote wa mgeni wanachanga, maana ni aibu mgeni wenu achange peke yake.

Mawaziri wakapiga meza kwa furaha. Mlezi Mkuu akauliza kama baada ya hapo maji yatatoka. Akaambiwa hata maji hayatakuwa shida yake tena.

*

Bi Siwatu alikuwa anageuza chapati aliposikia wiu-wiu, akajua wamekuja. Akautoa upawa kwenye karai, akaushika kama mtu atakayepigana nao. Koplo akatokea kwanza, jasho likimtiririka, kisha gari jeusi likisukumwa taratibu, kisha Gwandumi akashuka na kadi yenye utepe.

"Mama mzazi," akaanza, akiwa bado hajafika kivulini, "mama yetu, mzazi wa mgeni wetu rasmi mtarajiwa, mkazi wa mtaa huu, mjasiriamali wa ngano."

"Karibu, baba," Bi Siwatu akasema. "Kaa hapo. Huyo mwenzio anayelia mpe maji kwanza. Maji yenyewe kidogo, lakini apewe."

Koplo akanywa. Gwandumi akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni, na kutoka huko chini akaeleza heshima iliyoishukia nyumba ile. Alipokuwa akieleza alichukua chapati, akaila, akachukua nyingine. "Serikali imeridhishwa na chapati hii," akasema, akanyanyuka, akasukumwa akaenda zake.

Jirani, Mama Nyange, hakuchelewa. Alifika pindo la kanga mdomoni. "Siwatu, shoga yangu, kumbe tunakaa na mama wa mheshimiwa. Sasa chapati zako tutazinunua kwa barua ya maombi?"

"Wewe nunua kwa unachonunulia siku zote, yaani kwa maneno," Bi Siwatu akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mgomo uanze akacheka. Maana si polisi waliokuja, ni kadi. Mtoto wake hatalala ndani. Furaha hiyo ilimkaa mpaka alipomaliza unga wa siku ile.

Baadaye, alipokuwa anasugua karai, akamkumbuka Mwalimu Sheuri. Huyu alikuwa kiongozi wa walimu, mtu wa maneno makali, akisimama hata kunguru walinyamaza. Siku moja akaalikwa kuwa mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa pipa la taka. Walimsomea risala, akajibu kama mgeni. Tangu hapo ukimuuliza Mwalimu kama amelala salama anakwambia, "Kwa niaba ya wenzangu, hali ni shwari." Mkewe alishasema hajui tena ni nani anayelala naye, ni mume au ni niaba.

Bi Siwatu akaacha kusugua.

"Mwatima," akamwambia mwanawe jioni ile wakila, "kile kiti usikikalie."

"Mama, ndiyo nafasi yenyewe. Nikishika kipaza sauti nawamwagia yote, mshahara, unga, kila kitu, nchi nzima ikinisikiliza."

"Umeona wapi mgeni rasmi akidai?"

"Nitakuwa wa kwanza."

"Mwalimu Sheuri naye alisema hivyo."

"Mwalimu Sheuri hajawahi kufungua koki." Mwatima akacheka, akainuka kuosha mikono.

Lakini kesho yake Bi Siwatu alipopita mlangoni alimwona mwanawe mbele ya kioo cha fremu moja, anapunga mkono. Hakuwa anapunga kama watu wanavyopungiana. Alikuwa anapunga polepole, vidole vimeshikana, kichwa kimelala upande kidogo. Na Bi Siwatu, aliyezoea kuogopa polisi, akaogopa zaidi hapo.

*

Siku ya sherehe uwanja ulifurika. Wafanyakazi walikuja wengi, wa mabomba, wa reli, wa hospitali, wamesimama juani na mabango waliyoyaandika nyuma ya vyeti vyao vya sifa. Walikuja kumsikia Mwatima akidai. Chini ya turubai kulikuwa na meza kuu iliyofunikwa kitambaa cha kijani, na katikati yake kiti kimoja chenye mto mwekundu. Bi Siwatu alikalishwa mstari wa pili, sehemu ya wazazi, karibu kabisa na jukwaa. Gwandumi mwenyewe ndiye aliyesema akae pale, mama mzazi anapendezesha picha.

Utambulisho ukaanza. Wakatajwa wakubwa, wake wa wakubwa, wakubwa waliostaafu, mwakilishi wa mkubwa aliyeshindwa kufika, na dereva wa mkubwa huyo aliyefika bila yeye. Jua likapanda. Kila mara mshehereshaji aliporudi kwa Mwatima alimwongezea jina. Kwanza alikuwa Ndugu Mwatima. Kisha akawa Mgeni wetu Mwatima, kisha Mheshimiwa Mwatima, kisha Mheshimiwa Mhandisi Mwatima, binti wa Shelabela. Na Bi Siwatu aliona kwa macho yake: kwa kila jina mgongo wa mwanawe ulinyooka, kama mtu anayevutwa kwa kamba kutoka juu. Alibandikwa ua kifuani. Akawekewa mbele yake chupa ya maji ya kununua, maji yaliyopanda ndege kutoka nchi nyingine, akayanywa taratibu, fundi aliyefunga koki.

Bi Siwatu akageuza uso asione. Ndipo alipoona, nyuma ya turubai, matenga. Matenga makubwa mapya, yamepangwa moja juu ya jingine, na vijana wa Wizara wamekaa karibu yake wakingoja. Akajiuliza matenga ya nini hapa, hakuna soko. Halafu akawaangalia wale wafanyakazi juani, akayaangalia tena matenga. Kumbe changizo limeshaandaliwa. Watu hawajalipwa, na ndio watakaoilipa serikali.

Gwandumi alikuwa ameshasimama na risala. Hakusoma kwa sauti yake ya kila siku. Alisoma kwa sauti ya chini ya mwalimu mkuu wa shule ya kijijini, miguu pamoja, kichwa kimeinama.

"Ndugu mgeni rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetuwezesha kufika hapa, wengine kwa kusukumwa. Serikali yako imepata mafanikio mengi, ambayo kwa kuokoa muda hatutayataja. Pamoja na mafanikio hayo, serikali yako inakabiliwa na changamoto. Haina fedha za kigeni, na za nyumbani nazo zimeanza kuiona kama ngeni. Wakopeshaji wetu hawapokei simu. Tukibadilisha namba wanatambua sauti. Paa la Hazina linavuja, ingawa hakuna kinacholowa. Mheshimiwa Mlezi Mkuu ananawa kwa soda, na soda inamnata." Hapo Mlezi Mkuu akajifuta paji la uso, na kweli leso ikanata. "Ndugu mgeni rasmi, hatuna pengine pa kukimbilia. Tunaiomba ofisi yako itutazame kwa jicho la huruma."

Uwanja ukawa kimya. Si rahisi kumzomea mtu anayesoma risala. Watu wa Shelabela walifundishwa tangu chekechea kuwa risala inasikilizwa kwa heshima, na wakiisikiliza wanahurumia. Mabango yakaanza kushuka. Mama mmoja wa hospitali akapangusa machozi, akamnong'oneza mwenzake, "Maskini, kumbe na wao wana hali ngumu." Mwenzake akajipapasa mfukoni, akitafuta kama kuna chochote cha kumsaidia Waziri.

Mwatima akasimama, akashika kipaza sauti. Madai alikuwa nayo yote kichwani, aliyakariri wiki nzima mpaka chapati zilimjua. Akafungua mdomo. Mbele yake alisimama mtu mzima ameinamisha kichwa, akisubiri.

"Nimeyasikia," Mwatima akasema.

Makofi.

Bi Siwatu akashika ukingo wa kiti. Sema mshahara, akaomba moyoni. Sema unga.

"Nimeyapokea."

Ngoma zikaanza kupigwa upande wa kushoto. Vijana wa Wizara wakasimama, kila mmoja akashika tenga lake.

Mwatima akaangalia uwanja wote uliokuwa ukimshangilia, akainua mkono, akapunga polepole, vidole vimeshikana. "Nimeyachukua," akasema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya redioni. Uso nao, ule uso ambao Bi Siwatu alikuwa ameufuta makamasi, aliuona umetulia kama uso wa picha inayotundikwa ofisini. Likabaki neno moja.

Bi Siwatu hakufikiri. Angefikiri angeona haya, maana alikuwa mwanamke wa haya. Alisimama pale kwenye mstari wa pili, akaita kama alivyokuwa akiita kila magharibi miaka ile mwanawe alipokuwa mdogo na anacheza mbali, kwa sauti ndefu inayopanda mwishoni:

"Mwatimaaa."

Na Mwatima, kabla hajajua anafanya nini, akajibu kwenye kipaza sauti, uwanja wote ukasikia:

"Abee, mama."

"Njoo."

Binti aliyelelewa akiitika abee miguu haibaki nyuma. Mwatima aliweka kipaza sauti chini na kushuka jukwaani.

*

Gwandumi aliganda na risala mkononi. Kichwani mwake alipekua itifaki yote aliyoijua. Mgeni rasmi akiugua, inajulikana anayeshika nafasi. Mvua ikinyesha, inajulikana mwavuli unaanzia kwa nani. Jeshi likipindua nchi katikati ya hotuba, hata hilo lina utaratibu wake na wimbo wake. Lakini mgeni rasmi kuitwa na mama yake, hakuna aliyewahi kuliwekea kanuni. Na neno la mwisho halikuwa limesemwa. Shida zimechukuliwa lakini hazifanyiwi kazi, sasa ni za nani?

Watu nao waliona mgeni rasmi anaondoka. Kule Shelabela mgeni rasmi akiondoka wote wanasimama, na sherehe imekwisha. Basi wakasimama, wakakung'uta vumbi, wakaenda makwao wakicheka na kuitana, "Mwatimaaa," "Abee, mama," njia nzima. Vijana wakabaki na matenga matupu. Mlezi Mkuu akauliza kama pilau lipo. Halikuwapo. Lilitegemea changizo.

Njiani Mwatima alitembea mbele, hageuki. Ua bado lilikuwa kifuani.

"Umenitia aibu mbele ya nchi nzima," akasema hatimaye. "Katibu mzima naitwa kama mtoto anayechezea matope."

"Nimekutia," Bi Siwatu akakubali, akimfuata kwa pumzi fupi. "Punguza mwendo basi, miguu yangu si ya mgeni rasmi."

"Nilikuwa nakaribia kudai."

"Ulikuwa umebakiza neno moja, mwanangu."

Wakapita maduka yaliyofungwa. "Ulitaka nifanye nini?" Mwatima akauliza. "Mtu mzima amesimama mbele yangu, ameinama, ananililia. Ningemwambia sitaki?"

"Usingeweza. Nimekulea mimi, najua kuwa usingeweza. Na wao walijua. Ndiyo maana nikakuita."

Wakaenda tena kidogo. Bi Siwatu akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Kile kiti kilikuwa kizuri?"

Mwatima akalibandua lile ua, akaliangalia. "Kizuri sana, mama," akasema. "Sijawahi kukalia kitu kizuri kama kile." Na hapo ndipo alipoanza kulia.

*

Koki kubwa haikufunguliwa. Soda ikaisha mtaa wa juu. Asubuhi moja wafanyakazi wa mabomba wamekaa pale kwenye koki, wakamwona mzee anapanda njia na ndoo, peke yake, kwa mguu. Walipomtazama vizuri wakamtambua. Alikuwa Mlezi Mkuu wa Taifa.

Akafika, akaweka ndoo chini. "Mimi ni," akasema, akakwama. Tangu apate cheo hajawahi kujitaja mwenyewe. Akageuka nyuma kumtafuta mtu wa kumtaja, hakuna mtu.

"Tunakujua, mzee," Mwatima akasema, spana mapajani. "Wewe sema shida yako."

"Shida yangu maji."

"Yetu unga."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote baina ya serikali na chama cha wafanyakazi. Gazeti la serikali liliandika kuwa katika historia ya nchi hapajatokea mazungumzo mafupi namna hiyo, ikaundwa tume kuchunguza kosa lilikuwa wapi. Yale magari meusi ya msafara, ambayo yalikuwa hayatembei, yakauzwa kwa watu wa nchi jirani wenye mafuta, na wafanyakazi wakapata mshahara unaoingia kwenye sufuria. Haukujaza sufuria. Lakini chapati za Bi Siwatu zikanenepa kidogo, hata yule mteja akalalamika kuwa sasa haoni njia.

Gwandumi hakufukuzwa. Alitunga kanuni mpya: mama mzazi wa mgeni rasmi asikae mahali ambapo sauti yake inaweza kufika jukwaani. Wataalamu wakazunguka mitaani wakiwaomba akina mama waite watoto wao, ili kupima. Walirudi ofisini wanaziba masikio, wakapendekeza mikutano yote ya taifa ifanyike jangwani. Kwa hiyo, wenye watoto, siku mwanenu atakapoletewa kadi nzuri yenye utepe, isomeni mpaka chini. Ikisema aje peke yake, msilale usingizi.

Maana kadi ililetwa tena. Koplo aliifikisha bila wiu-wiu, gari halikuwapo tena. Mwatima anaalikwa kuwa mgeni rasmi kwenye hafla ya kuuinua uchumi, uliokuwa umepumzika vya kutosha. Chini, kwa herufi ndogo: mwalikwa peke yake.

Bi Siwatu aliendelea kusukuma donge la unga.

"Mama," Mwatima akauliza, kadi mkononi, "ukiniita kwa nguvu zako zote, sauti yako inafika wapi?"

Bi Siwatu akafikiri. "Upepo ukiwa mzuri, mpaka pale kwa fundi viatu."

Mwatima akamrudishia koplo kadi. "Kamwambie Mheshimiwa nitakuja. Kiti akilete pale kwa fundi viatu."

Koplo akapaangalia pale mahali, akapaangalia tena, akaomba chapati kwa ajili ya safari ya kurudi, akapewa.

Kiti hakijaletwa mpaka leo. Lakini Bi Siwatu, kila asubuhi akishageuza chapati ya kwanza, humwita mwanawe mara moja, bila haja yoyote, kisha husimama na upawa wake mkononi akisikiliza abee ikirudi.